Mafundo ya dawa: nilivyomwandika kaka yangu kwa ajili ya arubaini yake

Pole sana, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako na awape subira nyote mliobaki. Umeeleza kwamba alikuwa mtoto wa kwanza, kwamba ndiye aliyebaki nyumbani na mama yenu wakati ninyi wengine mmetawanyika kutafuta maisha, na kwamba arubaini yake ni Jumamosi ya wiki ijayo na familia imekukabidhi wewe kuandika maneno ya kumkumbuka. Umesema pia kwamba kila unapoandika unajikuta na orodha ya tarehe na shule, kisha mstari wa "alikuwa mpole, mcheshi na mtu wa watu", halafu unafuta. Nilipita hapo hapo mwezi Septemba 2023, katika nyumba yetu ya Ujiji, daftari likiwa mapajani na ndugu wakinisubiri. Nilifuta mara nne. Kwa hiyo nitakujibu kwa kukusimulia nilivyofanya, na utanivumilia kwa urefu, maana jambo lenyewe halielezeki kwa mistari mitatu.

Mara ya kwanza nilianza kama wengi wanavyoanza, kwa mwaka wa kuzaliwa, na hata hapo nilikosea. Kitambulisho chake kilisema 1974, nami nikanakili. Nilipomsomea mama, alikataa papo hapo. Alisema mwanawe alizaliwa mwaka ule ambao watu wa Burundi waliingia Kigoma kwa wingi wakikimbia mauaji, na kwamba yeye alikuwa na mimba ya miezi minane huku akiwapikia uji watoto wa watu waliolala barazani kwetu. Mwaka huo ni 1972. Ile 1974 iliandikwa baadaye, alipoandikishwa shule, ili asionekane ameanza darasa la kwanza akiwa mkubwa kuliko wenzake. Vitambulisho vya watu wa umri wa kaka zetu vimejaa miaka ya namna hiyo, na maadamu mama yako yu hai na akili yake ni timamu, kumbukumbu ya kweli iko kwake. Usimwulize tarehe. Mwulize ulikuwa mwaka wa nini, kisha ukae, kwa sababu hatakomea kwenye mwaka.

Lakini mwaka sahihi nao haukunifungulia maandishi. Kilichonifungulia ni kopo la dawa.

Mama yetu alipata kiharusi mwaka 2014, na upande wake wa kulia haukurudi kuwa kama zamani. Tangu wakati huo anatumia dawa za presha, nyingine asubuhi na nyingine jioni, naye hajui kusoma. Kaka alikuwa akikata nailoni vipande vidogo na kufunga dozi ya kila wakati katika kifurushi chake: fundo moja ni la asubuhi, mafundo mawili ni ya jioni, ili mama aweze kutambua kwa kupapasa hata umeme ukiwa umekatika. Vifurushi hivyo alivitia katika kopo la maziwa ya unga lililokaa kichwani mwa kitanda. Kila baada ya majuma mawili hivi aliketi barazani baada ya Isha akafunga vingine, na sisi tuliokuwa tukifika nyumbani wakati wa likizo tulimwona akifanya hivyo tukaendelea na mazungumzo yetu.

Siku alipofariki, ndani ya kopo kulikuwa na vifurushi vya siku kumi na moja. Matanga yalikaa, wageni wakaja wakaondoka, na kila asubuhi na jioni mama alifungua kifurushi akameza dawa alizofungiwa na mtu ambaye tayari tulikuwa tumemlaza udongoni. Hakuna aliyehesabu. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili nilikuwa nimeketi karibu naye. Aliingiza mkono wa kushoto, ambao ndio unaofanya kazi, akapapasa chini ya kopo, akazungusha vidole pembeni, akapapasa tena. Kisha akanipa kopo bila kusema neno.

Nilichukua nailoni nikafunga, na jioni mama alishindwa kufungua. Mimi nilikuwa nimefunga kama watu wote wanavyofunga, fundo la kukaza, na mtu mwenye mkono mmoja haliwezi. Fundo la kaka lilikuwa na mkia: ukiushika kwa meno ukavuta, lote linaachia mara moja. Ni fundo la wavuvi, wanalofungia kamba ya mtumbwi wanapojua kwamba wataondoka kwa haraka. Alilichukua ziwani akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akalileta kwenye dawa za mama yake akiwa na miaka arobaini na miwili, na hakumwambia mtu.

Usiku ule niliandika ukurasa mzima bila kufuta. Ndiyo sababu nakushauri uache kwanza swali la kaka yako alikuwa mtu wa namna gani, ukatazame ni kitu gani kimesimama nyumbani kwenu tangu aondoke. Pengine kuna mlango ambao siku hizi haufungwi mapema, au redio ambayo haijawashwa, au jirani ambaye amekuja mara mbili kuuliza jambo na hakuna aliyeweza kumjibu. Anzia hapo, kisha rudi nyuma ukatafute kilikotoka.

Mimi niliporudi nyuma nilifika bandarini. Baba yetu alikuwa kibarua wa bandari ya Kigoma, akipakia na kupakua mizigo ya Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924. Mwishoni mwa miaka ya 1970, meli hiyo ilipoondolewa mitambo ya mvuke na kuwekewa injini za dizeli, baba alimchukua mwanawe mara kadhaa akaone mafundi wakifanya kazi, na mama anakumbuka kwamba mtoto alirudi akichora mabomba ukutani kwa mkaa. Alitaka kusomea ufundi. Baba alifariki mwaka 1990, kaka akiwa kidato cha tatu. Tulikuwa watoto wanne: yeye, dada anayemfuata, mimi niliyekuwa na miaka kumi, na mdogo wetu wa mwisho ambaye hata shule alikuwa hajaanza.

Katika maandishi ya kumbukumbu, jambo kama hili huandikwa kwa sentensi moja, "aliacha masomo ili kuisaidia familia", na mimi naona sentensi hiyo inapita haraka mno. Aliacha shule siku ya Jumatatu. Jumapili alikuwa amefua sare na kuipiga pasi ya mkaa, kwa sababu mama hakuwa amemwambia lolote wala hakuwa na nia ya kumwambia. Asubuhi aliikunja, akaiweka ndani ya sanduku la baba, akavaa kaptura akaenda mwaloni Kibirizi, wanakofikia wavuvi, kuomba kazi. Mama aliikuta sare sandukuni mchana, alipokuwa akitafuta karatasi za bandari, na hivyo ndivyo alivyojua.

Kwa wasioijua Kigoma, dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Wavuvi hutoka jioni na kuwasha taa juu ya maji, wakati ule zikiwa karabai, na dagaa hukusanyika chini ya mwanga mpaka wavu unapoinuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavutwi na taa, hivyo kila mwezi kuna siku ambazo mialo hulala na mifuko nayo hulala. Mimi nilichaguliwa kwenda shule ya sekondari ya bweni mkoani Tabora mwaka 1995, na ada yangu ya miaka minne ilifuata mwendo wa mwezi. Muhula wa kwanza niliitwa ofisini kwa kuchelewesha ada, nikatoa barua ya kaka iliyokuwa na mistari mitatu: salamu, habari za mama, na maneno "Ada itakuja giza likiingia." Mwalimu aliyenihoji hakuwa mtu wa ziwani. Aliisoma mara mbili akanitazama, ikabidi nimweleze habari ya taa na dagaa nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Baada ya siku kumi na mbili fedha zilifika mikononi mwa abiria wa treni, noti zikinuka samaki. Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu, hapa hapa Tabora, na mtoto anapokuja kuniambia kwamba kwao wanasubiri tumbaku iuzwe, sihitaji maelezo zaidi.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria. Ziwa lile si letu, lakini habari za redio ziliingia katika kila nyumba yenye mtu majini, na kuanzia wakati ule mama hakulala tena siku za giza. Aliwasha kibatari, akaketi kwenye mkeka na tasbihi yake mpaka aliposikia hatua za mwanawe asubuhi. Mama hana habari kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na kwamba ni la pili duniani kwa kina. Yeye husema tu kwamba ziwa hili halina chini. Kaka aliona hali hiyo, lakini hakuweza kuacha, kwa kuwa mimi nilikuwa katikati ya masomo. Nilimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba 1998. Giza lililofuata hakwenda ziwani. Mwenye mtumbwi alikuwa ameshamwahidi unahodha, ambao una mgawo mkubwa kuliko wa mvuvi wa kawaida, naye akaukataa, akaenda kuomba kufundishwa ufundi wa injini za boti pale pale Kibirizi. Alianza kwa kushika spana na kuosha plagi kwa petroli, akiwa na miaka ishirini na sita, miongoni mwa vijana wa miaka kumi na mitano. Nilimwuliza sababu mara moja tu. Alinijibu, "Mama halali." Maneno hayo mawili niliyaandika kama yalivyo, bila kuongeza kitu.

Ufundi aliuweza, na kwa zaidi ya miaka ishirini jina lake pale mwaloni lilikuwa Fundi. Nitakuonyesha jambo moja tu la miaka hiyo. Baada ya kiharusi, mama hakuweza tena kuvumilia harufu ya petroli. Ilimtia kichefuchefu na kumnyima kula. Kaka alikuwa akirudi kutoka kazini kwa baiskeli, hasimami mbele bali anapitia nyuma ya nyumba, anachota mchanga alioubeba kutoka ufukweni katika mfuko, anauchanganya na sabuni ya mawese, anasugua mikono mpaka kwenye viwiko, anasuuza, anainusa, na kama harufu bado ipo anaanza upya. Kuna siku nilimhesabia mara tatu. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imechakaa kwa mchanga huo kuliko kwa spana. Kisha ndipo anaingia, anasema shikamoo, na mama anamjibu, "Marahaba, Baba," kwa kuwa alikuwa amepewa jina la baba yake mama. Chakula cha jioni walikula sahani moja. Yeye alikuwa akimchambulia migebuka miiba na kumsogezea vipande upande wa kushoto wa sahani, bila kutazama, huku akimweleza ni boti ya nani imeharibika siku hiyo na mwenyewe amesema nini.

Hapa ninafika kwenye jambo ambalo nakuomba ulizingatie kuliko yote niliyoyasema. Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Kwa miaka tisa aliyemwogesha mama yetu, akambadilisha nguo, akamgeuza kitandani usiku ili asipate vidonda, ni wifi yangu. Kaka alichota maji, akayapasha moto, akayafikisha mlangoni, akakohoa kidogo ili ajulikane, akaondoka. Siku za matanga wazee walimsifu kaka, na walimsifu kwa haki, lakini mmoja alisema kwamba alimtunza mama yake peke yake. Wifi alikuwa chumbani katika eda, ambayo ni miezi minne na siku kumi, akisikia kila neno kupitia ukutani. Nilikuwa nimeketi naye humo, nikamtazama. Hakuinua uso kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. Kaka angekuwapo asingeliacha neno lile lipite, kwa hiyo nilipoandika niliandika kwamba kaka yetu na mkewe walimtunza mama, na nikaeleza ni nani alifanya nini. Mzee mmoja wa ukoo aliponiomba niliondoe, kwa hoja kwamba hii ni kumbukumbu ya marehemu na mkewe bado yu hai, nilimwomba radhi nikaliacha kama lilivyo. Kama kaka yako alikuwa na mke, au kama yupo dada, binamu au jirani aliyeshika upande ambao yeye asingeweza kuushika, mwandike mtu huyo kwa kazi aliyoifanya.

Ikiwa kuna jambo mliwahi kugombana nalo, nalo limepoa, usiliogope. Mwaka 2019 nilitaka kumhamishia mama kwangu Tabora, ambako nina choo cha ndani na hospitali haiko mbali. Kaka alikataa. Alisema mama hahamishwi kama gunia, kwamba atadhoofika kwa kukosa sauti za watu anaowajua. Mimi kwa hasira nikamwambia kwenye simu kwamba anamng'ang'ania mama ili watu wamwone ni mtoto mwema. Alikata simu. Hatukuzungumza kwa miezi mitano, na habari za mama nilizipata kwa wifi.

Asubuhi moja nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua, akasema ameshuka kwenye treni na ana mzigo wangu kutoka Kigoma. Lilikuwa dumu la lita tano la mawese na mfuko wa dagaa waliokaushwa juu ya kichanja, safi, wasio na mchanga hata punje. Mfuniko wa dumu ulikuwa umezibwa kwa nailoni mbili na kuzungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na kamba ya mfuko ilifungwa kwa lile fundo lenye mkia, ambalo nililifungua bila kulitazama. Ubavuni pameandikwa kwa mkaa: MWALIMU TABORA. Hapakuwa na barua. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni takriban kilomita 400 za reli, pamoja na kusukumwa na kukaliwa na mizigo ya watu wengine, na dumu halikuwa limetoa hata tone. Nilimpigia. Aliuliza, "Limefika? Halijavuja?" Nikamwambia halijavuja. Akasema, "Basi. Mama anakusalimu." Hatukulirudia tena jambo lile. Mwaka uliofuata nilichangia kujenga choo cha kukalia pale pale Ujiji, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama ningekuwa nimesikiliza.

Usimwandike pia kana kwamba hakuwa na haja zake. Kaka alitaka boti yake mwenyewe ya kubeba abiria wa Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka wa Burundi, na mara mbili alianza kuweka akiba. Ya kwanza ilikwenda kwenye chuo cha mdogo wetu, ya pili ikaisha mwaka 2014 mama alipolazwa. Zipo sauti zilizosema kwamba mwanamume aliyevuka miaka arobaini akiwa bado anaishi katika nyumba ya mama yake hana maendeleo. Aliyasikia maneno hayo, na yalimuuma. Mara moja alinionyesha mahali pale ufukweni ambapo angeifunga boti yake, kisha akanyamaza njia nzima ya kurudi. Niliandika hivi: "Alitaka boti. Hakuipata." Mdogo wetu aliniambia sentensi hiyo ndiyo iliyomwia ngumu kuliko zote kuisoma, lakini hakutaka niitoe.

Nimeacha kwa makusudi jinsi alivyofariki mpaka sasa, kwa sababu kuandika habari hiyo kulinigharimu siku mbili. Ilikuwa mwezi Agosti 2023. Alirudi mapema akilalamika kichwa, akaosha mikono yake kwa mchanga kama kawaida, akaswali Alasiri, akajilaza barazani. Ilipofika Magharibi mdomo wake ulikuwa umekwenda upande na maneno hayatoki. Siku ya pili yake akafariki, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Daktari alituuliza kama alikuwa akitumia dawa za presha, nasi tukatazamana. Kwa miaka tisa alimpeleka mama kliniki kila mwezi, akaketi naye kwenye benchi, akaitunza kadi ndani ya nailoni isilowe, na angeweza kukutajia kwa kichwa presha ya mama ya mwezi uliopita na ya mwezi wa kabla yake. Kipimo kilikuwa mezani, hatua mbili kutoka alipokaa. Hakuwahi kukunja mkono wa shati lake naye apimwe. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili, hilo wengi tunalijua, na sisi wadogo zake tulipiga simu kila wiki kuuliza, "Mama anaendeleaje? Dawa zipo?" Hatukumwuliza yeye anaendeleaje. Siweki lawama hii kwa mtu mwingine yeyote. Ni yetu.

Baadhi ya ndugu waliona si vizuri kulitaja. Niliandika sentensi moja tu, kwamba kaka yetu alijua presha ya mama yake na hakujua yake, na siku ya arubaini binamu yetu ambaye ni muuguzi alikuja na kipimo. Baada ya pilau, wanaume walijipanga barazani, wakiwemo wenzake wa Kibirizi waliokuja na nguo za kazi.

Hao wenzake wa kazi, wa kaka yako pia, usikose kuwafuata kabla hujaandika. Nyumbani tunamjua mtu wa jioni. Mchana wake wanao wengine. Mimi nilikwenda Kibirizi asubuhi mbili, na huko ndiko mvuvi mmoja mzee alinifundisha lile fundo kwa kipande cha kamba, akilifungua na kulifunga mbele yangu mpaka nikaliweza. Wamekuwa watu wa kwetu tangu hapo. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti na boti nyingi zikalala, walikuwa wakija kwa zamu kukaa na mama barazani.

Kuhusu utaratibu, sina mengi. Maandishi yangu yalikuwa karatasi moja na nusu, yakasomwa na mdogo wetu wa kiume baada ya dua na kabla ya chakula. Wapo masheikh wasioikubali arubaini yenyewe. Hilo sina elimu nalo, mwulizeni wa kwenu mapema ili msije mkabishana mbele ya wageni. Shule na tarehe niliziweka mwishoni, kwa mistari mitano.

Umeuliza pia kama mama yako ayasikie maneno hayo kabla, au afichwe mpaka siku yenyewe asije akazidiwa. Msomee kabla, mkiwa wawili. Mimi nilimsomea mama siku tatu kabla ya arubaini, baada ya Isha, wifi akisikiliza kutoka chumbani mlango ukiwa wazi. Alifumba macho. Nilipofika kwenye kibatari alinisimamisha akasema sikukiandika vizuri: hakikuwa dirishani, kilikuwa kizingitini, nyuma ya tofali, kwa sababu upepo wa ziwani ungekizima. Nikasahihisha hapo hapo kwa penseli. Nikaendelea mpaka mwisho, naye akabaki kimya muda mrefu, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya lile kopo. Kisha akasema, "Soma tena pale kwenye giza." Nikasoma tena.